Mtamba Tuliyemla na Jina Tulilolikata

Risala ya walimu wa Shule ya Sekondari Mwalushimba, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, katika mahafali ya kidato cha nne, Jumamosi tarehe 11 Oktoba, 1997

Mgeni rasmi, Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa kata, vijiji na dini,
Wazazi wetu, wahitimu wetu, na ninyi watoto mliopanda juu ya ukuta ingawa mmekatazwa,

Mwadila!

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha Mwalushimba. Tunajua umekula vumbi tangu Shinyanga mjini, na tumeona ulivyoshuka garini ukitafuta maji kabla ya kutafuta kiti. Maji yapo, na leo yanatoka bombani, kwa sababu kadi yetu ya mwaliko ilikuomba uje kuzindua tangi la mvua. Tangi hilo ni kweli lipo na utalizindua. Hata hivyo si tangi lililotufanya tukuandikie kadi tatu na kumtuma dereva wa lori la pamba azilete mkononi mwako. Sababu yenyewe iko ndani ya risala hii, na tunakuomba utuvumilie tuifikie taratibu, maana kuitaja mwanzoni kungetufanya tushindwe kuendelea kusoma.

Kwa desturi risala ya mahafali huandikwa na wahitimu. Mwaka huu tumewaomba wahitimu watuachie sisi walimu, wakakubali, wakitucheka kidogo. Anayesoma ni Mwalimu Joakim wa Jiografia, ambaye wenzake wamemchagua kwa madai kwamba ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko wote katika chumba cha walimu. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Sylvester, aliyeketi kushoto kwako, aliisoma risala hii jana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akatia saini.

HISTORIA YA SHULE

Shule hii ilianza mwaka 1989 kwa madarasa mawili ya matofali ya kuchoma. Ilijengwa na wakulima. Kila aliyepeleka pamba kwenye chama cha msingi alikubali kipande kidogo cha malipo yake kibaki kwa ajili ya shule, na waliokuwa na ng'ombe walibeba mawe kwa mikokoteni kutoka mlimani. Zipo nyumba katika vijiji hivi ambazo hadi leo zina nyasi juu, wakati madarasa ya shule yana bati. Kila tunapoingia darasani mvua ikinyesha tunalikumbuka hilo.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mambo yamebadilika. Msimu wa pamba sasa wana magari ya rangi zote na mizani ya kila aina, na mkulima anauza kwa anayefika kwanza. Hatulalamiki. Wapo wazazi walionunua baiskeli, redio na bati kwa sababu ya ushindani huo. Lakini mchango wa shule ulikuwa umefungwa ndani ya chama cha msingi, na chama kilipolegea, chumba cha sita cha darasa kikabaki na kuta tu. Tunalitaja hili si kwa ajili ya kuomba bati. Tunalitaja kwa sababu nyakati hizi zimetufundisha sisi walimu tabia moja mpya, ya kuona kila kitu kinacholetwa mlangoni kwetu kuwa ni bei ya kitu fulani. Tafadhali likumbuke hilo tukifika mbele.

TULIYOYAFANYA

Haya ni mahafali yetu ya sita. Waliotoka hapa ni mia mbili na kumi na wanne, na kwa kuwa sisi ni watu wa kutaka kujua, tumejaribu kuwafuatilia. Yupo Masalu anayepima pamba kwa mnunuzi mmoja kule Kiloleli, na wakulima husema mzani wake hauna ujanja. Yupo Anna mwenye duka la dawa za mifugo Binza, pale Maswa. Wapo walioko vyuo vya ualimu. Yupo mmoja aliyerudi kuchunga, na alipokutana na mwalimu wake wa Baiolojia porini akamweleza habari za kupe kwa muda wa saa nzima, hadi mwalimu akaomba karatasi aandike. Wengi hatujui waliko. Hilo la kutojua linatusumbua kuliko wanaoshindwa mitihani.

Na kuna jambo ambalo hatujawahi kulielewa vizuri, mgeni rasmi, na labda wewe uliyehudhuria mahafali mengi utatusaidia. Kwa nini tunasherehekea kumaliza kabla ya mtihani? Wahitimu hawa wamevaa mashada, watapewa vyeti vya kuondokea shuleni, watapigwa picha na shangazi zao, halafu baada ya wiki tatu wataingia chumbani kufanya mtihani wa Taifa. Mwaka 1992, katika mahafali ya kwanza, mama mmoja mkulima wa mpunga, Mayu Salu, alisimama katikati ya hotuba akauliza, "Walimu, amemaliza nini huyu?" Watu walicheka. Sisi nasi tulicheka, halafu jioni tukakaa tukaona hatuna jibu. Hajamaliza mtihani. Hajamaliza kujifunza, tunatumaini. Pengine tunasherehekea tu kwamba amefika hadi hapa bila kututoka mikononi. Kama ni hivyo, basi inafaa tueleze juu ya yule aliyetutoka mikononi, na jinsi alivyotutoka.

MATATIZO

Matatizo ya shule ni mengi. Maabara haina gesi, kitabu cha Kiingereza ni kimoja kwa wanafunzi wanane, nyumba za walimu zinavuja. Yote tumeyaandika katika karatasi nyingine, utapewa. Hapa tutasema tatizo moja tu, nalo tulilitengeneza sisi wenyewe.

Mwezi wa Pili mwaka huu, kila mtu aliyeko hapa anakumbuka ukame ulivyokuwa. Mvua za vuli zilikataa, mabwawa yakawa udongo uliopasuka, ng'ombe wakaanza kuanguka. Asubuhi moja alifika shuleni mzazi wetu mmoja, Mzee Bundala, akiwa na binti yake Nyanjige wa kidato cha nne, na mbele yao mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajani. Nyanjige alikuwa wa pili darasani. Mzee Bundala si mtu wa maneno. Alisimama mbele ya ofisi akasema, "Mwangaluka, walimu. Nakwenda na binti. Mtamba huyu namwacha kwenu." Tukamuuliza binti atarudi lini. Akasema, "Mvua ikirudi." Akamfunga mtamba kwenye mti wa bendera, akaondoka na binti yake.

Mgeni rasmi, kati yetu walimu kumi na mmoja, tisa tumetoka Kagera, Kilimanjaro na Mbeya. Wenyeji ni wawili, na wiki ile mmoja alikuwa likizo ya uzazi na mwingine alikuwa msibani. Sisi tisa tulikaa tukajadili. Hakuna aliyetoka nje kumkimbilia mzee na kumuuliza. Tuliulizana wenyewe kwa wenyewe, na tukajijibu wenyewe. Tukasema: binti anaolewa. Tukasema: mzee anajua sheria, anajua shule inatakiwa kutoa taarifa kwa kata, kwa hiyo ametuletea mtamba ili tunyamaze. Mmoja wetu alisema tumrudishie mnyama wake. Hatukumsikiliza. Mwingine alisema, "Siku hizi kila kitu kina bei, na hii ndiyo bei ya Nyanjige." Tunaona haya kuyasoma maneno hayo mbele yenu. Tunayasoma kwa sababu yalisemwa, na kwa sababu hakuna aliyeyapinga.

Siku ya tatu tulimchinja mtamba. Mpishi wetu, Mama Felisita, ambaye yuko pale jikoni sasa hivi akijifanya hasikii, alituambia, "Walimu, mtamba hachinjwi. Tena huyu mnamjua mwenyewe." Tukamjibu kwamba nyama ni nyama. Alipika, lakini hakula, na sisi hatukushangaa kwa nini mama anayependa nyama kama yeye ale maharage siku hiyo. Walimu wanaojisifu kwa kuuliza maswali, swali hilo lilitupita. Ngozi tulimuuzia mnunuzi wa ngozi kutoka Bariadi mjini, na mwenzetu aliporudi msibani hatukumwambia lolote.

Taarifa kwa kata hatukupeleka. Tungeipeleka tukiwa na mafuta midomoni? Mwisho wa mwezi wa Tatu fomu za kusajili watahiniwa zilipojazwa, tukafika kwenye jina la Nyanjige Bundala, tukalipiga mstari. Tulitumia rula, mgeni rasmi, mstari ukanyooka vizuri.

Mvua ilirudi. Katikati ya mwezi wa Nne, alasiri, Mzee Bundala naye akarudi, na Nyanjige nyuma yake amebeba sanduku la bati na madaftari yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Walikuwa Bukundi, kule Meatu, ambako mzee alipeleka ng'ombe kutafuta malisho. Mama yake Nyanjige alijifungua njiani, akaugua, na binti ndiye aliyempikia na kumchotea maji kwa wiki saba. Katika wiki hizo alimaliza peke yake kitabu kizima cha Hisabati, mazoezi yote, na yale aliyoshindwa aliyawekea alama ili atuulize.

Mzee Bundala hakuja ofisini. Alizunguka nyuma ya nyumba za walimu, akachungulia kwenye banda la kuku, akatazama bondeni. Kisha akaja.

"Mwadila, walimu."

"Mwadila, mzee."

"Mtamba wangu ananywa maji wapi?"

Tukatazamana. Mwalimu Sylvester ndiye aliyejibu, na tunamshukuru kwamba hakumsukumia mwingine. "Mzee, tulimla."

"Mlimla. Aliugua?"

"Hapana. Hakuugua."

"Ngozi iko wapi?"

"Tuliuza."

Alikaa chini palepale, si kwenye kiti tulichomvutia. Hatukuelewa kwa nini ngozi imemuumiza kuliko nyama. Ndipo Mama Felisita akatoka jikoni akatueleza mbele yake, kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa la kwanza, jambo ambalo kila mtoto aliyepanda ukuta ule analijua. Kwa Wasukuma mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Huitwa kubilisa. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama wanabaki kuwa wa mwenye ng'ombe, na maadamu ng'ombe yule analala kwako, ninyi wawili ni kama ndugu, hamwezi kutupana. Akifa kwa ugonjwa au kwa fisi, unabeba ngozi unampelekea mwenyewe, aione, ajue kwamba hukumdanganya. Mtu hambilisi mwizi wala mjinga. Humbilisa mtu anayemwamini.

Mzee Bundala hakuwa ameleta bei ya binti yake. Alikuwa anamchukua mtoto wa shule kwa muda, naye akaacha kitu chake kwetu ili tujue kwamba atarudi, na ili tuendelee kumshika Nyanjige kama wetu. Tulipewa heshima ambayo hakuna mwalimu wa Mwalushimba aliyewahi kupewa, nasi tukaichemsha kwa chumvi na nyanya.

Baada ya maelezo ya Mama Felisita, mzee alinyanyuka akauliza, "Na ng'wanone? Mtamba mmemla. Mtoto wangu naye mmemfanyaje?"

Tukasema, "Mtoto yupo, mzee. Aingie darasani."

Huo ulikuwa uongo, na tulijua ni uongo tulipousema. Nyanjige aliingia darasani kweli. Lakini jina lake halikuwepo kwenye orodha ya mtihani, na hatukuthubutu kulisema siku ile. Tulijiambia tutalirudisha kimyakimya kabla mtu hajajua. Tulichanga, tukanunua mtamba mwingine, tukampelekea mzee nyumbani kwake. Alimzunguka mara mbili, akamshika nundu, akasema, "Mzuri. Mrudisheni shuleni. Nilileta mtamba akae shuleni, sikuleta ili nirudishiwe." Kwa hiyo, mgeni rasmi, yule mnyama uliyemwona karibu na tangi ni wa Mzee Bundala, na sisi ni watunzaji wake. Anatuamini mara ya pili. Jua kwamba hatujalala vizuri tangu hapo.

Kimyakimya hakukuzaa kitu. Tuliliandikia Baraza la Mitihani, na jibu lao lilikuwa la haki: usajili umefungwa, isipokuwa kama Afisa Elimu wa Mkoa ataandika mwenyewe kueleza sababu, na barua yake iwafikie kabla ya Ijumaa ijayo, tarehe 17. Wakati huohuo Nyanjige alifanya mtihani wa majaribio wa mkoa pamoja na wenzake, akawa wa kwanza hapa shuleni.

Hapo ndipo tulipogombana. Barua inahitaji sababu. Baadhi yetu walisema tuandike kwamba binti aliugua. Wengine wakasema tuandike kwamba mzazi alimtoa shule, jambo ambalo mtu yeyote wa Shinyanga angelisadiki bila kuuliza, kwa kuwa ndivyo wafugaji wanavyosemwa siku zote. Tulibishana siku mbili. Mwishowe Mwalimu Elizabeth wa Kiswahili, ambaye ni mdogo kwetu sote, alituuliza kama tunataka kumla na mzee mwenyewe baada ya kumla mtamba wake. Kesho yake tulikwenda kwa Mzee Bundala, wote kumi na mmoja kwa miguu, tukamweleza habari ya jina.

Alisikiliza hadi mwisho. Tulitegemea kufukuzwa kwa fimbo, na tungeikubali. Aliuliza tu, "Nani anaweza kulirudisha?" Tukasema Afisa Elimu wa Mkoa. Akasema, "Basi mleteni, na mimi niwepo mkimwambia." Ndiyo sababu ya kadi tatu. Mzee Bundala ni yule aliyevaa koti la kaki, safu ya pili, karibu na nguzo. Amesikia kila neno tulilolisoma na hajatuzuia.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunalo ombi moja tu. Chini ya kitambaa cha meza yako, karibu na maua, kuna barua iliyopigwa chapa. Inaeleza kwamba jina la Nyanjige Bundala lilifutwa na walimu wa shule hii kwa kosa lao wenyewe, kwamba mwanafunzi hakuacha shule, na kwamba mzazi wake hakumtoa. Ina saini zetu kumi na moja. Tumeacha nafasi ya saini yako. Dereva wa lori la pamba anaondoka leo saa kumi kwenda Mwanza, na Mwalimu Elizabeth atapanda lori hilo na kuendelea hadi Dar es Salaam kwa treni, nauli anayo.

Kuhusu sisi, tunajua ulichokisikia. Tulikula mali ya mzazi, hatukutoa taarifa, tulifuta jina la mtoto bila kuuliza alipo. Kuna kanuni za utumishi kwa mambo kama hayo, na wewe ndiye unayezisimamia. Zitumie. Hatuombi msamaha wako ndani ya barua moja na ombi la Nyanjige, tusije tukamfanya yeye ndiye alipe gharama ya kutuhurumia. Tunaomba tu kwamba uanze na yeye, na sisi utufikie baadaye. Ofisi yako inajua tunapopatikana.

Wahitimu wamepangwa kwa namba zao za mtihani, moja hadi arobaini na mbili. Nyanjige hana namba, kwa hiyo amesimama mwisho. Tulimwambia kwamba kama hapendi, asije leo. Alikuja tangu asubuhi, akapanga viti.

Tulipomweleza habari ya jina lake, wiki tatu zilizopita, hakulia mbele yetu. Aliuliza jambo moja, kwa upole, kama anayeuliza ratiba: "Mwalimu, siku hizo wenzangu wakiwa ndani wanafanya mtihani, mimi nikae wapi?"

Mgeni rasmi, tunakuomba umjibu wewe, leo, kabla hujampa mkono.

Mungu akujalie afya na safari njema, azijaze mvua njia zote utakazopita baada ya kuvuka na si kabla. Awabariki wazazi wa Mwalushimba, ambao tumewatia aibu wao wakatufunika. Wabeja sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi, tuliokabidhiwa,
WALIMU WA SHULE YA SEKONDARI MWALUSHIMBA